Mistari Mitatu ya Kupimia Mpini

Alois, Fundi Mipini,
Mteremko wa Juu, Kilakala,
Morogoro.
9 Februari 1954

Kwa Bwana Haliwel,
Katibu wa Kamati ya Mchezo wa Gofu,
Morogoro.

YAH: KUKATAZWA WACHEZAJI KULIMA, NA KULETWA KWA MIPINI YA CHUMA

Bwana Katibu,

Kwanza pole kwa safari ya kutoka Tanga, na pole kwa homa iliyokupokea hapa kwetu. Nasikia sasa waweza kula. Nasikia pia umefaulu mtihani wa Kiswahili, kwa hiyo naandika bila kupunguza maneno. Naomba uketi, maana malalamiko yangu ni sita, na la nne haliwezi kusomwa na mtu aliyesimama.

Jina langu ni Alois. Nimezaliwa Kinole, na sasa nakaa na mke wangu Felista kwenye mteremko ulio juu ya Kilakala. Ukisimama uwanjani kwenu ukainua macho utaliona shamba letu: upande wa kushoto limekatwa ngazi safi, upande wa kulia bado. Kazi yangu ni mipini. Nakata mipini ya majembe, ya mashoka na ya nyengo, na tangu mwaka 1943 nakata mipini ya fimbo za gofu. Wewe umefika Desemba tu, hukuwapo mambo haya yalipoanza, na ninaamini kosa ulilolifanya ni la ugeni. Ndiyo maana naandika kwa upole. Lakini nimekasirika, Bwana Katibu, na sioni haya kulisema.

Jumatatu ya wiki iliyopita ulibandika tangazo mlangoni pa chumba cha fimbo. Stambuli, mtunza fimbo wenu, ambaye ni mtani wangu na rafiki yangu, alilinakili akaja kunisomea, na alicheka mahali pasipo na la kuchekesha. Tangazo lina mambo matatu. Wachezaji wasiende tena shambani kwangu kulima. Mipini yote ya mbao itolewe, itiwe ya chuma ambayo imekwisha agizwa. Na mipini ya mbao itakayotolewa apewe mpishi.

Kabla sijalalamika nieleze tulikotoka. Wakati wa vita meli hazikuleta vitu vya michezo, na fimbo zenu zilikuwa zinavunjika moja baada ya nyingine. Bwana mmoja, ambaye sasa amekwisha rudi kwao, alikuja kwangu na kichwa cha fimbo kimefungwa kwenye gazeti, kichwa kitupu, akaniuliza kama naweza kukitia mpini. Nilimwambia naweza, ila kwanza nimwone akilima. Alidhani namtania. Simtanii mtu ambaye si mtani wangu. Sisi tuliolelewa Kinole hatukati mpini wa mtu ambaye hatujamwona akilima. Mtu akishika jembe hana siri tena: utaona mkono upi unabeba na upi unasindikiza, utaona kama anainua juu kwa nguvu au kwa majivuno, na akigonga jiwe utajua tabia yake yote. Mpini bora kuliko yote niliyowahi kukata ni wa jembe la palizi la Felista. Nilimtazama akilima kwa mama yake asubuhi nzima kabla sijaukata, na kabla sijapeleka posa. Kusema kweli posa niliipeleka kwa sababu ya asubuhi ile.

Basi yule bwana alilima hatua kumi, nikampa mpini, na hadi siku anapanda treni haukuvunjika. Tangu hapo ikawa desturi. Kila mchezaji mpya, na kila anayetaka mpini mpya, huja kwangu, hulima, halafu nampa fimbo.

Mimi mwenyewe sichezi gofu. Ninavyouelewa mchezo, mtu ana mpira mdogo mweupe, ana mashimo tisa na ana siku nzima. Anaupiga mpira kwa fimbo mpaka uingie shimoni, halafu anautoa. Sina neno na hilo. Sasa malalamiko.

1. Chuma hakichaguliwi. Stambuli ananieleza kwamba sanduku la mipini ya chuma likifunguliwa utakuta imeandikwa herufi, moja kwa ile laini na moja kwa ile migumu, na mtu huchagua herufi yake. Nilimuuliza huchagua kwa kutazama nini. Akasema kwa kutazama sanduku.

Mimi nina miti mitatu. Mkole hunesa, ukiukunja hurudi wenyewe bila kinyongo. Mpera ni mgumu. Wa tatu siutaji hapa, kwa sababu barua hii itapita mikononi mwa Stambuli. Mtu anayelima polepole, anayeliacha jembe lishuke lenyewe, nampa mkole, kwa kuwa mpini ukinesa humwongezea nguvu ambayo yeye anaiweka akiba ya chakula cha mchana. Mtu wa pupa nampa mpera. Ukimpa huyo mkole, mikono yake itafika kwenye mpira kabla kichwa cha fimbo hakijafika, na mpira utakwenda kulia, kwenye mtama wa watu. Katibu aliyekutangulia aliupiga mtama wa watu miaka miwili mfululizo, wenyewe wakawa wanamwita kwa jina la ndege fulani mharibifu, mpaka nilipombadilishia mpini. Mwandikie, atakwambia.

2. Uzito hausawazishwi na mtu aliye mbali. Fimbo ikishatiwa mpini, nailaza juu ya mgongo wa panga nililolikita kwenye gogo, naisogeza taratibu mpaka itulie bila kuinamia huku wala huku. Hapo natia alama ya mkaa. Kutoka alama hiyo hadi kichwani iwe shibiri moja na vidole vitatu, vya mwenye fimbo, si vyangu. Ikizidi, kichwa ni chepesi, naongeza risasi niliyoyeyusha kutoka betri bovu la lori. Ikipungua, kichwa ni kizito, nazungushia ngozi ya mbuzi mara ya pili pale pa kushikia. Kichwa kikiwa kizito mno mtu anachimba, kikiwa chepesi mno anapiga upepo.

Risasi naipima kwa maharage. Mtu wa kawaida ni uzito wa punje ishirini. Mwenye hasira naongeza punje nne, kwa sababu hasira huiwahisha mikono na uzito huichelewesha. Aliyeoa juzi napunguza mbili, maana ana usingizi. Stambuli anasema mipini ya chuma husawazishwa na mashine huko Ulaya. Naomba kuuliza kwa adabu, mashine hiyo imemwona nani akilima?

3. Ushahidi mnao ndani ya kabati lenu. Tarehe 16 Januari Bwana Makfasen, mkaguzi wa madaraja, alishinda kikombe cha fedha. Kila mtu anajua kwamba kwa miaka tisa Bwana Makfasen alikuwa wa mwisho, isipokuwa mwaka mmoja alipokuwa likizo, na mwaka huo walisema hata hivyo wa mwisho ni yeye. Mwezi wa Novemba alikuja kwangu akalima mistari yake mitatu. Nilimtazama, nikamkatia mpini, nikaupandisha uchagani, juu ya moto wa jikoni, ambako mipini yote hukaa ikila moshi mpaka inakuwa myeusi na kukomaa. Asubuhi ya shindano Stambuli alikuja mbio kuuchukua. Niliushusha, nikauchonga ncha, nikautia kichwani, nikasawazisha kwa punje ishirini na mbili, akaondoka nao.

Ulikuwa mrefu. Sikatai. Bwana Makfasen kofia yake hunifika begani, na watu wote pale uwanjani walisema fundi amekosea. Mimi nilikuwa nimefuata nyuma kuitazama kazi yangu. Bwana Makfasen aliusimamisha mbele yake, akautazama juu na chini, akaniuliza, "Alois, una hakika huu ni wangu?"

Nilimjibu kwamba mwili ni jambo moja na kulima ni jambo jingine. Nikamwambia yeye ni mfupi akisimama, lakini analima kirefu, na mimi mpini wangu naukata kufuata kulima. Aliyaamini maneno hayo, nami pia niliyaamini. Kwenye shimo la tatu, lile la kuvuka kijito, ambako kwa miaka tisa alikuwa amekilisha kijito mipira, mpira wake ulivuka ukaanguka kwenye majani mafupi ukatulia. Alimkumbatia Stambuli. Mpini ule na mikono ile vilizaliwa kwa ajili ya kukutana, na naweka jina langu hapa kwamba hakuna mtu mwingine ambaye mpini ule ungemfaa hivyo.

Naomba kamati ilitafakari hilo. Kama mipini yangu haina maana, basi Bwana Makfasen alishinda kwa ustadi wake, na hakuna mtu Morogoro atakayelikubali jambo hilo.

4. Sasa nakuja kwenye maneno yaliyoniumiza. Umeandika kwamba "kupima huku kumekuwa njia ya fundi kulimiwa shamba lake." Umeandika pia kwamba mwaka 1943 kupima kulikuwa hatua kumi, na kwamba baadaye, mwaka uleule Bwana Shamba alipotuamuru watu wa milimani tukate ngazi ili mvua isichukue udongo, ndipo kupima kukawa mistari mitatu, na kila mstari ukawa na urefu na upana wa ngazi moja.

Tarehe ulizozitaja ni sahihi. Lakini mambo mawili yakitokea mwaka mmoja hayawi ndugu. Mwaka huohuo Stambuli aling'oa jino, na hakuna aliyebandika tangazo.

Mistari ni mitatu kwa sababu ya ufundi. Mstari wa kwanza ni wa kuzoea. Mtu anajua kwamba anatazamwa, analima kwa adabu, hiyo si tabia yake. Mstari wa pili ni wa kupima. Amechoka, amesahau kwamba nipo, anaanza kusema na udongo kwa lugha yake, hapo ndipo natazama. Mstari wa tatu ni wa kuhakiki, kwa sababu fundi anayepima mara moja huyo anabahatisha. Kuna wachezaji ambao nililazimika kuwahakiki mara mbili. Bwana mmoja mnene wa mambo ya maji alihakikiwa wiki nzima, na sikupata jibu.

Kwa nini upana wa ngazi? Kwa sababu kwenye ngazi mtu anasimama mguu mmoja juu na mwingine chini, na uwanja wenu nao una miinuko. Kumpima mtu kwenye tambarare halafu umpeleke kwenye mwinuko ni kumdanganya. Kwa nini kina kiwe mkono mzima? Kwa sababu udongo wa juu ni laini na humbembeleza mtu. Kwa nini mawe yapangwe ukingoni? Hilo ni kwa ajili ya usalama wa mpimaji, ambaye hukaa upande wa chini.

Nasikia wengine wanauliza kwa nini mimi mwenyewe silimi. Ni swali zuri, na jibu lake ni la kitaalamu. Mpimaji akilima, mkono wake huzoea mpini mmoja, na tangu siku hiyo hawezi kuamua kwa haki kati ya mipini mingine. Mimi sijalima tangu nioe. Ni sharti gumu, lakini nimelishika kwa miaka ishirini na sita bila kulegea, na Felista ni shahidi.

Umeandika tena kwamba wachezaji wanne hawakuweza kucheza mwezi wa Desemba kwa ajili ya malengelenge. Bwana Katibu, lengelenge ni barua. Likitoka chini ya kidole cha shahada linanieleza jambo moja, likitoka katikati ya kiganja linanieleza jingine. Mtu asiye na malengelenge hajaniambia kitu, na ndiyo maana wengine nawaambia warudi kesho yake.

Ni kweli kwamba tangu Novemba wachezaji saba walipimwa na ngazi ishirini na moja zikakamilika. Ni kweli vilevile kwamba Gabrieli, Bwana Shamba wetu, alipita akasema kazi ni nzuri, zimebaki ngazi tisa tu, na zisipokuwa tayari kabla ya masika tutaitwa barazani. Mimi sikuzihesabu. Ngazi si mambo yangu, ni mambo ya Felista na Gabrieli. Tangu ulipobandika tangazo Felista huamka alfajiri na kwenda kulima peke yake. Juzi nilimwona ameketi jikoni ameloweka mikono kwenye maji ya chumvi, na moyo uliniuma sana. Ndiyo maana nimeandika barua hii, yaani kuhusu gofu.

5. Wachezaji wenyewe wanaumia. Chukua Bibi Tomlin, mwalimu wa piano. Alipokuja mara ya kwanza hakuweza kutofautisha jembe na koleo. Felista alimwonyesha namna ya kusimama, namna ya kuliacha jembe lifanye kazi yake, na namna ya kutema mate mikononi bila kuonekana. Alimaliza mistari yake mitatu, akaomba wa nne. Nilimruhusu, kwa sababu za kitaalamu. Alikuwa akimwamkia Felista shikamoo, ingawa Felista ni mdogo kwake kwa miaka kumi. Felista alikuwa akiitikia marahaba, kwa kuwa kumsahihisha mtu anayelima vizuri hivyo ingekuwa kumkatisha tamaa. Walikuwa wanakula mihogo pamoja pale ukingoni.

Sasa Bibi Tomlin akipita barabarani anatazama juu shambani kwetu, kisha anatazama mikono yake, anaondoka. Stambuli anasema piano nayo siku hizi anaipiga kwa huzuni. Kuna wengine pia. Yule bwana mnene wa mambo ya maji alikuwa ameanza kuingia kwenye suruali zake za zamani. Mabwana wawili waliokuwa hawasemeshani tangu krismasi ya mwaka juzi walilima ngazi moja, mmoja huku na mwingine kule, na walipokutana katikati ilibidi waongee, maana kila mmoja alikuwa amesimama mahali pa mwenzake. Mpini wa chuma utafanya lini kazi hiyo?

6. Mpishi. Hapa sina maneno mengi. Mipini ile niliikata mmoja mmoja, kila mmoja na mtu wake. Nikipita dirishani pa chumba cha fimbo naweza kukutajia bila kugeuka: huu ni wa fulani aliyekuwa akilima na kuimba, huu ni wa fulani aliyekuwa akilia kwa sababu amepata barua ya msiba kwao, na hakutaka tumwone, akasema ni jasho. Kazi ya miaka kumi na moja haipikiwi chai. Hilo limeniuma kuliko yote, na kama kuna neno moja la kufuta kwenye tangazo lako, naomba lianze hilo.

Basi, Bwana Katibu, nimelalamika, sasa naomba.

Naomba tangazo lishushwe. Naomba sanduku la chuma likifika lisifunguliwe, lirudishwe, au mabomba yake apewe Bwana Makfasen kwa ajili ya madaraja. Na ili kamati isiamue jambo isilolijua, naomba wanakamati wote watatu, yaani Mwenyekiti, wewe mwenyewe na mweka hazina, mje mpimwe. Alhamisi hii inafaa. Njooni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kila mtu na mistari yake mitatu, kama desturi. Watatu mara tatu ni tisa, na tisa ndiyo idadi ya mashimo ya uwanja wenu, kwa hiyo hata hesabu yenyewe inaonyesha kwamba jambo hili ni la gofu.

Ukipimwa nitajua kwa nini fimbo yako inakuponyoka, maana Stambuli amenieleza. Nakushuku kwamba wewe ni mtu wa mpera mwenye mpini wa mkole. Usijisikie vibaya, ni ugonjwa wa wengi na unatibika.

Ikiwa kamati haina nafasi ya kupanda mlimani, nipo tayari kwa njia ya pili, nayo ni kuuhamishia uwanja huku kwetu. Mashimo tisa yatawekwa kwenye ngazi tisa, shimo moja kila ngazi, mara tu wachezaji watakapozikata. Mpira ukishindwa kupanda utarudi wenyewe miguuni kwa mpigaji, na hivyo hamtapoteza mipira wala kugombana na wenye mtama.

Nisalimie Mwenyekiti, nisalimie mweka hazina na mkewe, msalimie Bibi Tomlin, umwambie jembe lake lipo palepale alipoliegemeza. Msalimie Bwana Makfasen, umwambie mpini asiukaushe juani. Msalimie hata mpishi, ambaye sina ugomvi naye. Felista anawasalimu wote, au atawasalimu akirudi kutoka shambani.

Nabaki kuwa fundi wenu, ninayesubiri jibu huku nikiitazama njia,

Alois

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha ikunja barua hii, na Stambuli ameketi mlangoni anaisubiri, Felista alipoingia, akiwa amepitia mjini, na jembe jipya la palizi. La zamani lilikuwa limelika hadi likabaki la kuchotea chumvi, na mpini wake, ule niliomkatia kabla ya posa, alikuwa ameupandisha uchagani miezi mingi iliyopita uupate moshi kidogo huku akitafuta jembe la kuutia. Akaniuliza uko wapi. Nilipanda kuutazama. Nilikuta mpini mmoja tu, mfupi, mnene, wenye alama mbili za msumari wa moto, ambazo niliziweka mwenyewe mwezi wa Novemba kwa jina la Bwana Makfasen.

Asubuhi ile ya shindano sikuwa nimevaa miwani. Moshi huifanya mipini yote kuwa na sura moja.

Kwa hiyo, Bwana Katibu, kwa ukweli nilioapa kwa jina langu hapo juu, naona sina budi kusema kwamba Bwana Makfasen alishinda kikombe kwa mpini uliopimwa kwa mwanamke wa Kinole, mrefu, aliyekuwa akipalilia maharage ya mama yake mwaka 1928. Stambuli amelisikia jambo hili na kwa sasa hawezi kusimama kwa kicheko. Nilifikiri kuichana barua, lakini karatasi ni hii tu niliyonayo.

Nimemwambia Felista kwamba kwa haki kikombe ni chake. Amesema kikombe hakihitaji, ila kama kina mpini arudishiwe mpini. Kisha aliichukua barua hii akaisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, nami nimesimama. Alipofika kwenye la nne alirudi nyuma akalisoma tena. Sikumwona akicheka wala akinuna. Aliiweka mezani, akaenda akaleta lile jembe la Bibi Tomlin, akaliegemeza kwenye kiti changu.

"Mume wangu," alisema, "miaka ishirini na sita, na mimi sijakuona hata siku moja ukilima. Sijui kama wewe ni mtu wa mkole au wa mpera."

Nilimkumbusha habari za mpimaji na mkono wake. Alisema kesho mpimaji ni yeye, na atakaa upande wa chini. Kamati isisumbuke kuja Alhamisi. Ameahidi kufuata desturi bila kuipotosha, mstari mmoja wa kuzoea, mmoja wa kupima na mmoja wa kuhakiki, isipokuwa kwa mtu wa aina yangu, anasema, kuhakiki kutachukua ngazi zote tisa.